Nani Kasema Kila Anayekwenda Uwanja wa Ndege Ana Hela?

Leo naomba tuziweke pembeni siasa za vyama, tuzungumze nauli. Wala siyo nauli ya ndege, maana hiyo ina wasemaji wengi. Nazungumzia nauli ya kuifuata ndege ilipo, na nauli ya kurudi nyumbani ukishashuka. Hii haisemwi, na naamini haisemwi kwa sababu wanaopaswa kuisema hawajawahi kuilipa. Nitafika huko.

Kwanza kisa. Mwezi uliopita ma'mkubwa wangu alitoka Mwanza kuja kliniki Muhimbili. Ana miaka 61, mguu wa kulia unamsumbua na anatembelea mkongojo. Kukaa kwenye kiti cha basi tangu alfajiri mpaka usiku asingeweza, kwa hiyo ukoo ukachanga. Kuna aliyetoa elfu tano, kuna aliyetoa elfu hamsini, na kuna aliyeahidi ambaye mpaka leo tunamsubiri. Ikapatikana tiketi ya shilingi 215,000, ya kuja tu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na kule Mwanza alikwenda kiwanjani kwa daladala, yeye na boksi lake la sato lililofungwa kwa solatepu.

Ndege ilitua Dar saa tatu kasorobo usiku. Nilikuwa nimeshafika, nimesimama na wenzangu pale nje, wengine wameshika maua, wengine vibao vyenye majina ya Wazungu. Mfukoni nilikuwa na shilingi 26,000. Ilikuwa tarehe 23, na wenye kazi za kuajiriwa mnajua tarehe 23 ni tarehe ya namna gani. Ma'mkubwa akatoka, tukakumbatiana, akanisifu nimenenepa (sijanenepa). Nikamfuata dereva wa teksi wa kwanza, nikamwambia Tabata. Akasema elfu hamsini. Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Tukavutana mpaka elfu arobaini, hapo akagoma. Wa pili elfu arobaini. Wa tatu akaniuliza, "Kwani kaka umekuja kupokea mtu bila hela?"

Nikafungua simu kutafuta teksi mtandao. Bei ikaja elfu 14 na kitu, nikashukuru Mungu. Dereva akapiga: uko wapi, basi toka nje mpaka barabarani, humo ndani siingii. Nikamwambia nina mgonjwa. Akakata, na safari akaifuta. Wa pili naye vilevile. Sasa jamani, kama namtoa mgonjwa kwa miguu mpaka barabarani, teksi ya nini tena?

Tukatembea. Mimi nimebeba boksi la sato begani na begi mkononi, ma'mkubwa anafuata na mkongojo wake, anasimama kila baada ya hatua chache. Magari yanatupita yakituwashia taa. Katikati ya njia akaniuliza, "Mwanangu, hivi tumefika Dar au bado?" Nikacheka, naye akacheka, lakini nilisikia aibu ambayo sijaisikia siku nyingi. Tulipofika barabarani tulisubiri daladala, ikaja imejaa, na Mungu ambariki yule kijana aliyeinuka akampisha kiti. Nauli ya watu wawili pamoja na boksi haikufika elfu mbili.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba hawezi kushuka kitandani. Kliniki ya siku ile akaikosa. Tarehe mpya tuliyopata ilikuwa ya wiki mbili mbele.

Nimeona niwaeleze yote hayo mapema ili asije mtu akaniambia hili ni jambo dogo.

Sasa tupige hesabu, maana hasira bila hesabu ni kelele. Kutoka Mwanza mpaka Dar kwa ndege ni kama kilomita 850. Tiketi ya 215,000 ni kama shilingi 250 kwa kilomita. Kutoka uwanjani mpaka Tabata ni kama kilomita 10. Teksi ya elfu 40 ni shilingi 4,000 kwa kilomita. Yaani kilomita moja ya gari dogo la mitumba imekuwa ghali mara 16 kuliko kilomita moja ya angani, yenye rubani, wahudumu, mafuta ya ndege na juisi ya boksi! Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar mpaka Morogoro ilipangwa shilingi 13,000. Kwa elfu arobaini ya yule dereva unaweza kwenda Morogoro, ukarudi, na chakula ukala.

Tena tazameni kitu kimoja. Daladala zipo. Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, ni moja ya njia zenye daladala nyingi kuliko zote jijini. Gari za Gongo la Mboto, za Banana, za Ukonga, zinapita mbele ya uwanja wa ndege kutwa nzima na sehemu ya usiku. Mwishoni mwa 2023 LATRA ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na watu walilalamika kweli kweli. Kwa hiyo kutoka mjini mpaka kituo cha Uwanja wa Ndege unafika kwa fedha ambayo hata mwanafunzi wa chuo anaipata. Tatizo linaanzia pale kituoni. Kutoka kituo cha daladala mpaka mlango wa jengo la abiria ni mita mia kadhaa, na ukienda jengo la tatu ni zaidi. Katika mita hizo ndipo shilingi mia sita inapogeuka kuwa elfu arobaini.

Ndiyo maana nasema ugomvi wangu siyo kilomita 12 za kutoka katikati ya jiji. Ugomvi wangu ni mita za mwisho. Mtu mzima mwenye afya na kibegi cha mgongoni anazitembea huku anaongea na simu. Mama mwenye mtoto mgongoni na mabegi mawili hazitembei. Mzee hazitembei. Mwenye kiti cha magurudumu hazitembei. Na hao hao ndio wanaolazimika kulipa elfu arobaini. Yaani tumeweka ushuru, na tumeuweka juu ya wale wasioweza kuukwepa.

Najua kuna mtu hapo alipo ameshaandaa jibu: "Bwana, aliyenunua tiketi ya ndege hawezi kushindwa teksi." Hili jibu nimelisikia mpaka kwa wasomi wenzangu, watu tuliokaa nao Nkrumah Hall tukijadili haki za wanyonge. Hebu tulichambue.

Nani wanapanda ndege Tanzania ya leo? Novemba 2012, Fastjet ilipoanza safari zake hapa nchini, ilitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, lakini nakumbuka jinsi mtaani kwetu watu ambao hawajawahi kuota kupanda ndege walivyoanza kuulizana tiketi zinakatwa wapi. Kampuni ile ilisimama kuruka hapa mwishoni mwa 2018, lakini ilikuwa imeshaonyesha kwamba mteja wa ndege anaweza kuwa muuza mitumba. Serikali nayo ikaanza kununua ndege mwaka 2016 kuifufua ATCL, tukaambiwa hizi ni ndege za Watanzania wote kwa kuwa zimenunuliwa kwa kodi zao. Sawa. Basi Watanzania wote wafikeje zilipo?

Siku moja nendeni mkasimame pale jengo la tatu wakati wa ndege za Uarabuni. Mtawaona mabinti wanaokwenda Muscat kufanya kazi za ndani, kila mmoja amesindikizwa na mama, shangazi, wadogo watatu na jirani. Binti ana tiketi, ndiyo, amekatiwa na mwajiri au wakala. Yeye na mama yake hawana hata elfu ishirini iliyobaki. Mtamwona mwanafunzi aliyepata ufadhili wa masomo nje, kijiji kizima kimemchangia viatu. Mtamwona mgonjwa kama ma'mkubwa. Kuwa na tiketi mkononi hakumaanishi kuwa na hela mfukoni. Mara nyingi maana yake ni kwamba hela imeishia kwenye tiketi.

Tena tumesahau kundi kubwa ambalo halipandi ndege kabisa. Uwanja wa ndege ni mahali pa kazi. Kuna wanaofagia, wanaobeba mizigo, wanaolinda, wanaouza maduka, wanaopika chakula cha abiria. Ndege hazina adabu ya saa za kazi, zinatua usiku wa manane na kuondoka alfajiri, na hao wanazifuata. Mei Mosi 2025, pale Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka ule. Ni jambo jema. Sasa chukueni mtu wa mshahara huo, mpeni safari moja tu ya teksi ya kwenda uwanjani na moja ya kurudi: elfu themanini. Karibu moja ya sita ya mshahara wa mwezi imekwisha kwa siku moja, hajala. Na wafagiaji wengi wameajiriwa na makampuni binafsi, wala kima hicho hakiwahusu.

Jibu la pili ni usalama. Eti viwanja vya ndege ni mahali nyeti, haiwezekani daladala kuingia ingia. Nauliza: gari binafsi lenye vioo vyeusi linaingia mpaka mlangoni, dereva hajulikani, kilichomo kwenye buti hakijulikani. Basi lenye namba, lenye njia maalumu, lenye dereva aliyesajiliwa na LATRA, ndilo la hatari? Hapo hapo nchini kwetu, vukeni maji mwende Unguja. Kuna daladala namba 505, imeandikwa U/Ndege, inatoka mjini mpaka uwanja wa ndege. Ipo miaka mingi, hata watalii wa mabegi ya mgongoni wanaijua. Uwanja wa Abeid Amani Karume haujaanguka. Nairobi wana matatu namba 34, inabeba watu mpaka JKIA, na Kenya imepitia mashambulizi ya kigaidi ambayo sisi tunamshukuru Mungu kwa kutuepushia mengi yake. Kama usalama ungekuwa sababu, wangekuwa wa kwanza kuifuta.

Jibu la tatu ni la madereva wa teksi: watakula wapi? Hapa naomba nieleweke, maana sina vita na yule aliyeniuliza kama nimekuja bila hela. Yule dereva anakaa kwenye foleni saa nyingi kusubiri abiria mmoja. Ana hesabu ya tajiri mwenye gari, ana maegesho ya kulipia, ana mafuta. Akimpata abiria mmoja kwa usiku mzima, lazima amkamue huyo huyo. Bei yake ni mbaya, lakini imetokana na utaratibu mbaya zaidi. Na basi la nauli ndogo halitamuua. Mwenye masanduku manne, mwenye haraka, mgeni asiyelijua jiji, wote hao watapanda teksi kama wanavyopanda leo. Atakayepanda basi ni yule ambaye dereva hampati hata sasa, ni yule anayetembea gizani na boksi begani.

Kuna watakaosema Ulaya na Amerika nako kwenda uwanja wa ndege ni ghali. Ni kweli, tena vizuri tuwatazame hao wakubwa, maana wamefanya makosa yao hadharani. Juni 2015 mji wa Toronto, Kanada, ulizindua treni ya kisasa ya kwenda uwanja wa ndege wa Pearson. Nauli ikapangwa dola 27.50 za Kanada kwa asiye na kadi, kwa hesabu kwamba wafanyabiashara watalipa. Wafanyabiashara hawakuonekana, treni zikawa zinakimbia tupu. Machi 2016, haujaisha hata mwaka, wakashusha mpaka dola 12, na abiria wakaja. Treni ile ile, reli ile ile.

Sydney nao reli yao ya uwanja wa ndege ilifunguliwa mwaka 2000, kabla ya Olimpiki. Vituo vikapewa kampuni binafsi, na abiria anayevitumia akatozwa ada ya kupita kituoni juu ya nauli. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ikaamua kuilipa kampuni ili ada iondolewe kwenye vituo viwili vya mtaani, Mascot na Green Square. Abiria wakaongezeka. Lakini vituo vya uwanja wenyewe ada ikabaki, na sasa imeshazidi dola 15 za Australia kwa kupita geti tu. Watu wa kule wanalalamika kama mimi.

London ndiyo iliyonifundisha kanuni. Kuna treni ya haraka ya Heathrow, ilianza mwaka 1998, inakufikisha mjini kwa dakika 15 na nauli yake kamili ni pauni ishirini na kitu. Ghali, ndiyo. Lakini tangu mwaka 1977 treni ya chini ya ardhi, ile ile wanayopanda mafundi na walimu, inafika mpaka ndani ya Heathrow kwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Anayetaka haraka analipia haraka yake, na asiye nazo ana njia. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitaka hapa. Sidai teksi zishushwe mpaka mia sita. Nadai njia ya pili iwepo, na ifike mlangoni.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi mwanzo. Kwa nini sisi hatuna?

Jengo la tatu la abiria pale Uwanja wa Julius Nyerere lilizinduliwa Agosti 2019, na lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Ni jengo zuri, sibishi. Lina ngazi za umeme, lina viyoyozi, lina maegesho makubwa ya magari. Abiria milioni sita! Mtu aliyepanga jengo la watu milioni sita alifikiria watafikaje? Ukitazama mpangilio, jibu ni moja: alifikiria watakuja na magari yao, au wataletwa na magari ya watu wengine. Hakuna ubaya wa makusudi hapo. Alipanga kwa kujitazama yeye mwenyewe.

Waziri anafika uwanjani kwa gari la serikali na ving'ora. Mkurugenzi ana dereva. Mbunge ana gari lenye mkopo nafuu. Mtaalamu mshauri kutoka nje anapokelewa na mtu mwenye kibao. Na sisi waandishi? Sisi tunakwenda kupokea timu ya taifa na wageni wa kitaifa kwa gari la ofisi, au tumejazwa kwenye kibasi cha wizara, na jioni tunapewa bahasha ambayo, nisameheni ndugu zangu katika taaluma, tunaiita nauli. Nimeandika habari za uwanja ule mara nyingi: ndege mpya, ujumbe fulani, mwili wa marehemu fulani. Sikuwahi kuandika mstari mmoja kuhusu mtu anafikaje pale. Kwa nini? Kwa sababu sikuwahi kulipa. Ilibidi nisimame pale nikiwa na 26,000 yangu mwenyewe ndipo macho yakafunguka. Lawama hizi zinaanza na mimi.

Na kuna sababu nyingine, hii naisema kwa sauti ndogo maana inauma. Nadhani tunaionea aibu daladala. Hatutaki mgeni atoke mlangoni, mlango umejifungua wenyewe, halafu akutane na konda ananing'inia mlangoni anaita "Posta Posta Posta!" Tunasema ni sura ya nchi. Lakini sura ya nchi ni ipi? Mgeni huyo huyo dakika mbili baadaye yuko Barabara ya Nyerere, kwenye foleni, kushoto daladala, kulia daladala, mbele daladala mpaka TAZARA. Hatujamficha kitu. Tuliyemficha ni mwenzetu, tukamweka nje ya lango atembee gizani, ili mlangoni papendeze.

Naogopa tunakwenda kurudia. Njia ya mwendokasi awamu ya tatu imechorwa kufuata Barabara ya Nyerere kutoka mjini mpaka Gongo la Mboto. Yaani mabasi makubwa, kwa fedha za mkopo ambazo sote tutazilipa, yatapita mbele ya uwanja mkubwa kuliko yote nchini. Kama hakutakuwa na kitu cha kumtoa abiria kituoni mpaka mlangoni, tutakuwa tumetumia mabilioni kumfikisha mtu pale pale ambapo daladala ya mia sita inamfikisha. SGR nayo kituo chake cha kwanza baada ya Dar ni Pugu, huko mbele. Uwanja wa ndege umerukwa. Na siyo Dar peke yake. Ukipanda basi la Arusha na Moshi ukashuka njia panda ya KIA, zimebaki kama kilomita sita. Sita! Na jua lile, na begi lile.

Mimi ni mwandishi, siyo mhandisi, lakini ninayoyataka hayahitaji mhandisi.

La kwanza, kibasi. Coaster mbili au tatu za kuzunguka kati ya kituo cha barabarani na majengo ya abiria, kwa nauli ya daladala, zikifuata ratiba ya ndege na siyo ratiba ya ofisi. Ndege ikitua saa nane usiku, kibasi kiwepo saa nane usiku. Fedha itoke wapi? Kila abiria anayeondoka anakatwa ndani ya tiketi ada ya huduma ya abiria: shilingi 10,000 kwa safari ya ndani, dola 40 kwa safari ya nje. Bombardier Q400 moja ya ATCL ina viti 76. Ikijaa, ada hiyo peke yake ni shilingi 760,000 kwa ndege moja, safari moja. Hainiingii akilini kwamba ndani ya hizo haipatikani dizeli ya Coaster kwenda mita mia kadhaa. Ada inaitwa ya huduma ya abiria. Abiria ni abiria tangu akiwa barabarani na begi lake.

La pili, bango. Bango kubwa pale mlango wa kutokea, kwa Kiswahili na kwa shilingi: teksi mpaka Tabata bei hii, mpaka Posta bei hii, mpaka Mbezi bei hii. Kila mtu aone, dereva aone, abiria aone, tuache kupimana sura.

La tatu, mahali halali pa teksi mtandao kupakia, ndani, panapojulikana. Leo wanakwepana kama wauza bangi, na anayeumia ni aliyesubiri.

La nne, njia ya miguu yenye taa na sakafu laini kutoka barabarani mpaka mlangoni. Hii hata bila kibasi ingekuwa nusu ya ukombozi. Magurudumu ya begi yangesukumika, na ya kiti cha mgonjwa pia.

Na la tano ni ombi kwa wakubwa. Siku moja tu, mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua haya aache gari nyumbani. Apande daladala Mnazi Mmoja, na begi la kilo 23 ambalo ndilo shirika linaruhusu, ashuke kituo cha Uwanja wa Ndege, atembee mpaka jengo la tatu. Usiku. Asichukue mwandishi wala kamera. Akifika, akae kwenye kile kiti cha chuma, afute jasho, kisha aandike ripoti. Nina hakika ripoti hiyo itakuwa fupi na itatekelezwa.

Ma'mkubwa hajambo sasa. Kliniki ya pili tuliiwahi, dawa amepewa, mguu umepungua. Alhamisi anarudi Mwanza. Ndege inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo anatakiwa awe uwanjani saa kumi alfajiri, saa ambayo Tabata hakuna daladala hata moja iliyoamka. Ameniambia nisihangaike, yeye atalala kule kule uwanjani kuanzia jioni ili apande daladala kukiwa bado kweupe, na zile mita za mwisho atazikata taratibu.

Nimemkatalia. Nimeshaanza kutafuta elfu arobaini.